Shoga, anza na hela ya mkaa ya mteja

Shoga yangu,

Hujambo na watoto? Meseji yako niliisoma jana usiku nimeshafunga biashara, usingizi ukakata kabisa maana najua hela ya hayo majiko banifu, haya ya kubana mkaa, umekopa kwenye kikoba na rejesho halisubiri mtu. Wiki tatu umeuza majiko manne tu, hapana, hapo kuna kitu, na wala sio kwamba watu wa Tanga ni wagumu kama unavyosema.

Ile voisi uliyonitumia ukiongea na mteja nimeisikiliza mara mbili. Unaongea vizuri, ila muda wote unamweleza misitu inaisha, hewa inachafuka, udongo wa ndani umechomwa vipi, na mwenzio kasimama na mchicha wake mkononi anawahi kupika. Ni kweli yote, na mi misitu inaniuma, milima ya Uluguru naiona hapa Morogoro kila asubuhi. Lakini mtu anayetoa hela anajiuliza moyoni, mimi hapa napata nini? Usipomjibu hilo atakwambia "nitarudi" na ndo humuoni tena.

Kuna mama lishe wa pale Msamvu stendi alinikatalia mwezi mzima. Siku moja nikaacha maelezo nikamuuliza tu, dada kwa siku mkaa unatumia makopo mangapi? Akasema manne, kopo moja buku mbili. Nikampa jiko nikamwambia kapikie maharage kesho halafu tuongee. Aliporudi akasema kopo mbili na nusu, akaanza kuhesabu mwenyewe kwa vidole hela inayobaki, buku tatu kwa siku, buku tatu, buku tatu, alipofika kidole cha sita akanyamaza akaniangalia, maana jiko nauza 18,000. Mi sikusema neno. Alichukua mawili, na wenzake watatu akawaleta mwenyewe.

Ila sio kila mtu ni hela. Yule mwenye mtoto anayetambaa kwenye chumba kimoja anawaza mtoto asiungue, huyo mwambie ubavu haupati moto kama bati tupu. Mwingine kachoka kupepea tu basi. Uliza kwanza, usikilize, ndo uongee.

Unakumbuka M-Pesa ilivyoanza Kenya 2007? Kwenye majaribio lengo lilikuwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu, kumbe wenyewe wakaanza kutumiana hela, basi ilivyozinduliwa tangazo likawa tuma pesa nyumbani. Mambo ya mitambo hakuna aliyeelezwa. Kijana wa Nairobi alimuwaza mama yake kijijini, akawaza na ile bahasha anayompa mtu wa basi bila uhakika itafika lini, akajisajili. Faida yake ilikuwa roho kutulia, na hiyo nayo ni faida kubwa.

Kitu kimoja nakuomba sana, usiahidi kisichokuwepo. Mimi jiko langu la kwanza niliuziwa kwa maneno matamu, eti mkaa wa siku moja utapikia siku tatu, udongo ukapasuka kabla mwezi haujaisha na muuzaji hakutaka hata kuliangalia. Niliumia, hela ilikuwa ya sare ya mtoto. Kwa hiyo waambie ukweli, kwamba mkaa unapungua kama theluthi hivi, wengine mpaka nusu, inategemea unavyopika, na wasilimwagie maji jiko likiwa la moto litapasuka. Mteja anayejua hilo hakulaumu.

Kesho toa jiko moja boksini uliwashe hapo hapo mezani kwako, bandika maharage, mkaa upime kwa kopo watu wakiona. Usiite mtu. Harufu na lile kopo vitawasimamisha, wewe uliza tu mwenzangu kwako unatumia makopo mangapi.

Na rejesho ni tarehe ngapi? Kama hutafikisha niambie mapema, nina kidogo nimeweka, usije ukaenda kukopa kwingine.

Wasalimie wote hapo,
Shoga yako wa Moro