Hiyo ipo mada ya mbele

Shosti wangu,

Mambo, za siku? Najua utaanza kununa kwamba tangu msiba wa Mama Neema sijakutafuta, nuna tu ila soma kwanza. Huku wazima, mvua hazieleweki, baba watoto yupo kwenye safari zake zilezile, kitinda mimba anaota meno halali mtu. Haya, salamu zimeisha.

Mwenzio nimekabidhiwa chumba cha kompyuta. Usicheke. Yule kaka wa TEHAMA kapata kazi Dodoma, Ijumaa tumeagana vizuri tu, Jumatatu hayupo, mkuu akaniita ofisini nikajua ni zile habari za madaftari kumbe ananipa funguo, eti "wewe mwalimu si uko sana kwenye simu". Mimi! Mwalimu wa Kiswahili, wa nomino na vitenzi! Nikasema sawa mkuu, ningesemaje na watoto wangu wawili wanasoma hapohapo kwa punguzo la ada.

Sasa juzi darasa la tano, kuna katoto kanakaa mbele, kembamba, hakanyamazi, kakanyoosha mkono: "Ticha, Google ipo ndani ya kompyuta au ipo nje?" Shosti nilisimama pale kama nimemwagiwa maji. Watoto arobaini wananitazama, nikausikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Hiyo ipo mada ya mbele."

Unakumbuka hayo maneno ya nani?

Mwalimu Disketi jamani! Na lile kopo lake la Blue Band la kuwekea disketi, vile vibapa vya plastiki vya kuhifadhia kazi za kompyuta, alikuwa analishika kama kabeba mayai. Mashine sita, sisi arobaini na nane, mwaka 1998, kidato cha pili, na kwenye fomu ya kujiunga waliandika kabisa "kompyuta kwa kila mwanafunzi" ili wazazi walipe, na mchango wa kompyuta ulikuwa nje ya ada baba yangu alilalamika mpaka tunamaliza. Tukachora kibodi kwenye manila tukawa tunachapa juu ya karatasi, vidole kwenye ASDF, yeye anapita na rula. Wewe uliandika jina lako lote kwenye manila halafu ukauliza "sir mbona halitokei", ukatolewa nje.

Na viatu! Tunavua mlangoni, soksi za kina Chogo zinanuka chumba kizima, tumeambiwa tukiingia na vumbi kompyuta zitapata virusi. Mimi niliamini mpaka naenda chuo. Halafu unajua nini, siku yangu ya kwanza na funguo niliwapanga watoto nikawaambia vueni viatu. Matroni akaniuliza kwa nini, nikakosa jibu. Sakafu yenyewe ya vigae.

Turudi kwa mzee. Siku zote nilikuwa naona "mada ya mbele" ni mbinu ya kutunyamazisha, lakini hebu kumbuka vizuri, alikuwa anarudi na jibu. Uliuliza wewe au Mpare, mbona herufi za kibodi hazijafuata ABC, akasema mada ya mbele, wiki iliyofuata akaja na kikaratasi akatueleza mpangilio umerithiwa kwenye taipureta, zile za Remington za miaka ya 1870, akachora mpaka vile vijinyundo. Mkewe alikuja kuniambia baadaye sana kwamba alipanda basi mpaka Moshi kumuuliza karani mmoja wa kuchapa, nauli yake mwenyewe. Yule alikuwa mwalimu wa jiografia! Alipewa funguo kama mimi tu!

Na yeye angejulia wapi. Si alituambia kwamba 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya ile ya Wizara ya Fedha kuvuruga mahesabu, sisi tukacheka tukadhani utani, nimekuja kusoma ni kweli kabisa. Mtu kakua kompyuta ni kitu cha marufuku, halafu uzeeni anaambiwa kafundishe. Ndio maana ile Desemba 1999 alichomoa waya zote akazifunika na mashuka yake ya nyumbani, ile hofu kwamba mwaka 2000 ukiingia kompyuta zitachanganya tarehe ziharibike, Januari tunafungua mashine moja imekufa kweli, kumbe panya.

Usiku ule baada ya swali la Google sikulala, nikakaa nasoma kwenye simu, bando likaisha nikaongeza. Nikaangukia habari za shule aliyosoma Bill Gates, Lakeside, ipo Seattle, ya binafsi na yenyewe. Mwaka 1968 kina mama wa shule waliuza vitu vya mtumba, hela ndio ikaleta mashine moja ya Teletype inayoongea kwa waya wa simu na kompyuta iliyo mbali huko, na muda wa kuitumia unalipiwa. Kwa hiyo kompyuta yenyewe ilikuwa nje! Swali la katoto kangu hilohilo. Na walimu kule walipitwa na wanafunzi mapema tu, wakawaachia watoto chumba wakajaribu wenyewe. Nilifarijika kidogo. Halafu nikakumbuka kikao cha wazazi wetu cha mwezi uliopita, saa nzima tumejadili rangi ya majoho ya mahafali ya chekechea.

Jibu la Google nimeshalipata, ipo kwenye makompyuta ya watu mbali, sisi tunaifuata kwa waya na mawimbi, nitalisema Alhamisi. Kinachonisumbua ni maswali mengine yatakayokuja, maana kale katoto hakachoki, na mimi sina karani wa Moshi.

Sasa sikia. Ulisema ulimuona stendi ya Same mwaka juzi, kashika fimbo. Ulichukua namba? Anasikia vizuri bado? Nyumba yake ni ile ya njia ya Mwembe au walihama? Mkewe yupo? Nikimpigia nikasema mimi ni yule wa dawati la dirishani atanikumbuka, au nitaje soksi za Chogo? Na daftari lako la kompyuta, lile lenye jalada la gazeti, mama yako bado hajalifungia maandazi? Kama lipo nipigie picha kurasa zote hata zile ulizochora. Na kopo je, lilienda wapi lile kopo?

Nipigie usiku baada ya saa tatu, mchana simu inakaa kwenye droo ya mkuu siku hizi, eti walimu tuwe mfano.

Wako wa manila,
Mama Junia