Barua ya wazi kwa mpwa wangu: Bill Russell hayumo katika jedwali lako

Mpwa wangu mpendwa,

Jedwali lako la wachezaji kumi bora wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, nimelisoma safu kwa safu, na nimefurahi kuona kwamba umelipanga kwa takwimu na si kwa ushabiki. Umeanza na jumla ya pointi, ukaendelea na wastani wa pointi kwa mchezo, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) na asisti (pasi inayozaa kikapu), ukamalizia na mitupo iliyozuiwa. LeBron James umemweka kileleni, Michael Jordan anamfuata, na Bill Russell, aliyekuwa mhimili wa timu ya Boston Celtics, hayumo kabisa. Hilo la Russell ndilo lililonifanya nikuandikie hadharani, kwa kuwa vijana wengi wa rika lako wanafikia hitimisho lilelile kwa njia ileile, na ninaamini njia hiyo ina kasoro inayoweza kurekebishwa.

Tazama kwanza safu yako ya mwisho. Umemtaja Hakeem Olajuwon kuwa wa kwanza kwa kuzuia mitupo 3,830, naye Dikembe Mutombo wa pili kwa 3,289, na namba hizo ni sahihi. Ila ligi ilianza kuhesabu rasmi mitupo iliyozuiwa na mipira iliyoporwa katika msimu wa 1973-74. Russell alikuwa amestaafu tangu 1969, na Wilt Chamberlain aliondoka mwaka 1973, kabla tu ya hesabu hiyo kuanza. Mahali pao katika safu hiyo hapana kitu, nawe umepasoma kana kwamba pameandikwa sifuri. Watu wawili waliotisha kuliko wote chini ya kikapu katika enzi yao wamepata alama sawa na mtu ambaye hajawahi kunyanyua mkono kuzuia mpira.

Hata kama ingehesabiwa, hesabu hiyo isingetosha kumweleza Russell. Alikuwa na mazoea ya kuuzuia mpira kwa namna ambayo ulibaki uwanjani, mara nyingi mikononi mwa wenzake, na Boston Celtics wakaanza shambulio la haraka kabla wapinzani hawajageuka kurudi nyuma. Mchezaji anayeupiga mpira mpaka kwenye viti vya watazamaji anahesabiwa kazuia mtupo mmoja, na wapinzani wanaurudisha mpira mchezoni; Russell naye angehesabiwa mmoja, ilhali timu yake tayari inafunga upande wa pili. Halafu kuna mitupo ambayo haikurushwa kabisa kwa sababu mpigaji alimwona Russell akasita, na hiyo hakuna safu inayoweza kuipokea, si wakati ule wala leo.

Ndiyo maana naomba uutazame kwa makini msimu wa 1961-62, ambao kwangu ni darasa zima la namna ya kusoma takwimu. Chamberlain, akiwa Philadelphia Warriors, alimaliza msimu kwa wastani wa pointi 50.4 na ribaundi 25.7 kwa mchezo, na tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, aliwafunga New York Knicks pointi 100 peke yake. Msimu huohuo Oscar Robertson alikuwa na wastani wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 na asisti 11.4. Ukivisoma hivi kwa macho ya leo utasema miungu ilikuwa ikicheza. Lakini timu za wakati huo zilikuwa zikirusha mpira kikapuni zaidi ya mara 100 kwa mchezo, mingi haikuingia, na kila uliokosa ulikuwa ribaundi inayomsubiri mtu mrefu. Chamberlain mwenyewe alikuwa akirusha karibu mara 40 kwa mchezo, na hakuwa akipumzika: wastani wake wa dakika ulikuwa 48.5, katika mchezo wa dakika 48, kwa sababu ya muda wa nyongeza. Sisemi hivi kumpunguzia heshima, kwa maana hakuna mwingine aliyefika hapo katika mazingira yaleyale. Nasema tu kwamba ribaundi 25 za 1962 na ribaundi 13 za leo zinaweza kuwa kazi ya ukubwa mmoja.

Sasa jiulize ni nani aliyechaguliwa kuwa Mchezaji Bora wa Msimu huo. Alichaguliwa Russell, na waliopiga kura zama hizo walikuwa wachezaji wenyewe, watu waliogongana nao bega kwa bega. Katika mtoano Celtics waliwatoa Warriors kwa michezo saba, wa mwisho ukiisha 109 kwa 107, kisha katika mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Lakers, Russell alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 40. Kwa jumla timu zake na za Chamberlain zilikutana kwenye mtoano mara nane, na Russell alishinda mara saba.

Utanijibu kwamba alizungukwa na wachezaji wakubwa: Bob Cousy, Sam Jones, John Havlicek, na kocha Red Auerbach pembeni. Ni kweli. Hata hivyo, Celtics hawakuwa wametwaa ubingwa hata mmoja kabla hajafika. Walitwaa 11 katika misimu yake 13. Cousy alistaafu 1963 na makombe yakaendelea kuja. Auerbach aliacha ukocha 1966, Russell akawa kocha mchezaji, mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika NBA, akatwaa mengine mawili. Alipoondoka 1969, msimu uliofuata timu hiyo haikufika hata kwenye mtoano. Watu wengi waliomzunguka walibadilika, lakini makombe yaliendelea kuja mpaka yeye alipoondoka.

Kwa LeBron sina ugomvi na wewe, ila naomba umpime vizuri zaidi ya ulivyompima. Umeandika tu kwamba tarehe 7 Februari 2023 aliipita rekodi ya Kareem Abdul-Jabbar ya pointi 38,387. Kareem aliingia ligini akiwa na miaka 22, baada ya chuo kikuu, na mstari wa pointi tatu, ambao kikapu kinachofungwa kutoka nyuma yake huhesabiwa pointi tatu badala ya mbili, ulipowekwa msimu wa 1979-80 yeye alikuwa amekwishacheza misimu kumi. Maishani mwake alifunga kikapu kimoja tu cha pointi tatu. LeBron aliingia akiwa na miaka 18 moja kwa moja kutoka sekondari, na amefunga zaidi ya 2,000 vya namna hiyo. Wanalinganishwa kwa jumla moja, lakini njia zao zilikuwa tofauti. Kinachonistaajabisha kwa LeBron ni kwamba juu ya pointi zaidi ya 40,000 ana asisti zaidi ya 10,000 na ribaundi zaidi ya 10,000, na hakuna mwingine mwenye vyote vitatu. Na katika mchezo wa saba wa fainali za 2016, matokeo yakiwa 89 kwa 89 na dakika zisizofika mbili zimebaki, alikimbia uwanja mzima akauzuia mtupo wa Andre Iguodala. Jedwali lako limeuhesabu kuwa mmoja, sawa na ule wa dakika ya tatu katika mchezo wowote wa Novemba.

Jordan sitamzungumzia sana, kwa kuwa kwake takwimu na ushindi vinasema jambo moja: wastani wa pointi 30.12 kwa maisha yake yote ya ligi, uongozi wa ufungaji mara kumi, fainali sita na makombe sita, na mwaka 1988 akawa Mchezaji Bora wa Msimu na Mchezaji Bora wa Ulinzi kwa pamoja.

Wala usiende upande wa pili ukahesabu makombe peke yake. Robert Horry, mchezaji msaidizi tu katika timu zake, ana saba, Jordan sita, na hakuna anayewaweka sawa. Hata 11 ya Russell nayasoma nikikumbuka kwamba ligi ilikuwa na timu nane alipoanza na 14 alipomaliza, hivyo njia ya kufika fainali ilikuwa fupi kuliko ya leo. Kwa sababu hiyo mimi namweka Jordan wa kwanza, Russell wa pili, LeBron wa tatu na Kareem wa nne. Ila nafasi ya pili na ya tatu naziona zimekaribiana mno, na hoja nzuri inaweza kunihamisha.

Ulipange upya jedwali lako, basi. Tenganisha misimu ya kabla na baada ya 1973-74, kisha kabla na baada ya 1979-80, na kila mchezaji umlinganishe kwanza na wastani wa ligi ya msimu wake ndipo umkutanishe na wa enzi nyingine. Palipo na nafasi tupu andika kwamba haikuhesabiwa. Ukimaliza nitumie, nami nitalijibu safu kwa safu.

Mjomba wako