Setilaiti haihesabu ng'ombe

Nairobi

Ndugu yangu Guyo,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia, na habari ya mifugo ya mzee imeniuma sana. Unauliza: kama kweli kuna kamera angani inayoangalia malisho, mbona ng'ombe wamekufa kwa njaa na watu wa bima wakasema nyasi zipo? Kushinda na picha hizo ndiyo kazi yangu huku mjini, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Msomee na mzee.

Kwanza lile swali la mzee, la nani anayeishikilia huko juu hiyo setilaiti iliyobeba kamera. Haishikiliwi na chochote. Inaanguka usiku na mchana. Kitu ukikiachilia huanguka mita 5 hivi katika sekunde ya kwanza. Uso wa dunia nao, kwa kuwa ni mviringo, huinama mita 5 hivi kwa kila kilomita 8. Basi kitu kinachokimbia kilomita 8 kwa sekunde huanguka huku ardhi ikizidi kukikwepa kwa kiasi kilekile, kisitue. Injini ya kukisukuma haihitajiki, maana hewa ya huko ni hafifu mno kukipunguzia mwendo. Roketi hukipandisha, hukipa kasi hiyo, kisha huachana nacho.

Na jambo hili si geni kwenu. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walikuwa wakirusha roketi kutoka jukwaa lililosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Pwani yetu iliwafaa kwa sababu ya ikweta: hapo uso wa dunia huzunguka kwa kasi kuliko kwingine, mita 465 hivi kwa sekunde, na roketi ikielekezwa mashariki hupata msukumo huo bure.

Zipo setilaiti zinazoonekana kama zimesimama. Ukitembea mitaa ya Embakasi utaona madishi kwenye roshani yakitazama karibu juu kabisa utosini, maana setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kwa umbali huo, mzunguko mmoja huchukua muda uleule ambao dunia inajizungusha. Lakini malisho kama yenu hayakupimwa kutoka huko. Kwa miaka mingi namba za bima ya mifugo zimetoka kwa setilaiti iitwayo Terra, iliyorushwa mwaka 1999 na kuwekwa kimo cha kilomita 705. Hiyo hupita karibu na ncha zote mbili za dunia na kumaliza mzunguko kwa dakika 99 hivi, huku dunia ikigeuka chini yake. Njia yake ilipangwa ivuke ikweta yapata saa nne na nusu asubuhi, ili jua liwe upande uleule kila inapopita na picha za leo zilinganishwe na za mwaka jana. Kifaa chake, MODIS, huona ukanda wa kilomita 2,330 kwa upana, kwa hiyo kila siku moja au mbili dunia yote imeshapigwa picha.

Kinachotumwa chini ni namba tupu. Kifaa hupima kila mraba wa ardhi umerudisha mwanga mwekundu kiasi gani, na infraredi, ule mwanga ambao macho yetu hayauoni, kiasi gani. Jani bichi hufyonza mwekundu na kurudisha infraredi kwa wingi. Nyasi zikikauka, tofauti hiyo hupungua. Namba za malisho ya Hola na Garsen, huko Tana River, hurushwa kwa redio kwenda juu zaidi, kwenye setilaiti nyingine zilizo kule kilomita 36,000, nazo huzishusha White Sands, jangwani New Mexico, Marekani. Baada ya hapo ndipo kompyuta huzigeuza rangi.

Sasa, Guyo, sikiliza hapa. Mraba mmoja wa kipimo hicho cha kijani ni mita 250 kila upande, zaidi ya hekta 6. Ng'ombe wa mzee hawamo, wazima wala mizoga. Kwa sababu ya mawingu huchukuliwa kipimo bora cha siku 10, kisha miraba yote ya eneo la bima hujumlishwa ipatikane wastani, na wastani huo hulinganishwa na misimu iliyopita ya palepale; ukishuka sana ndipo bima hulipa. Hesabu ni safi. Ila mashine inajua kijani tu, haijui kijani kipi kinalika. Mmea wa mathenge una mizizi mirefu na hubaki kijani ukame ukiuma. Mbuzi hula maganda yake, lakini majani mifugo huyakataa. Tena unaenea mwaka hadi mwaka. Mahali palipokuwa na nyasi miaka kumi iliyopita pakijaa mathenge leo, kipimo kitasema pamestawi kuliko zamani. Kwangu mimi hilo ni kosa zito, na halitarekebishwa na mtu aliyekaa Nairobi peke yake.

Kwa hiyo nakuomba kazi. Washa GPS ya simu, upige picha vichaka vya mathenge na pia mahali palipobaki nyasi, hasa kule mzee alikochungia. Andika tarehe, na useme mifugo wanakula nini pale. Nitumie kwa WhatsApp ukifika penye mtandao. Nitazilinganisha na picha za setilaiti nyingine, Sentinel-2, ambazo miraba yake ni ya mita 10 na mtu yeyote huzipata bure, nichore ramani ambayo mzee ataipeleka kwenye mkutano wa bima. Fanya hivyo kabla ya vuli, kwani mvua ikinyesha kila kitu kitakuwa kijani na hatutaweza kutenganisha.

Msalimie mzee, na mama watoto. Nangoja picha.

Wako,
Salim