Mwanangu, Mpigie Kwanza

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Dada yako amenionyesha ile skrinishoti uliyoituma kwenye kundi la familia, inayosemekana ni maneno ya rafiki yako akikutukana. Chini yake umeandika, "Mmeona sasa?" Mimi nimeona picha tu, tena iliyokatwa juu na chini. Je, umempigia mwenyewe?

Wiki ijayo unaanza kazi mbali na sisi, na jambo hili limeninyima usingizi. Najivunia kwamba huogopi kusema lililo moyoni. Lakini ulimi wako hukimbia kabla ya macho, na hilo nimekwambia tangu hujavunja ungo.

Nilimwomba dada yako anieleze picha kama ile hupatikanaje. Akafungua ukurasa wangu wa Facebook kwenye kompyuta, akabofya kitufe cha kulia cha kipanya, akaingia panapoonyesha msimbo wa ukurasa, akafuta sentensi yangu na kuandika matusi. Jina langu pale pale, sura yangu, tarehe ile ile, hata idadi ya waliopenda. Akapiga picha ya skrini. Hakuhitaji neno langu la siri, kwa kuwa kilichobadilika ni nakala iliyokuwa kwenye kompyuta yake tu. Alipopakia ukurasa upya, maneno yangu yalirudi, ila picha ya matusi ilibaki kwenye faili zake, tayari kusambazwa. Nilitetemeka, mwanangu. Angekuwa mtu mwenye chuki?

Kwenye WhatsApp hata kompyuta haihitajiki. Mtu anahifadhi namba ya mwenzake kwa jina lako, huyo mwenzake anaweka picha yako kwenye akaunti yake, kisha wanaandikiana watakavyo. Au maneno ni ya kweli kabisa, ila ujumbe mmoja umefutwa katikati, na jibu la swali moja likaonekana ni jibu la jingine.

Unasema haionekani kwenye ukurasa wake kwa sababu ameifuta. Huenda. Watu hufuta. Ila hata mwongo husema hivyo hivyo, kwa hiyo neno hilo haliwezi kuwa ushahidi. Aliyekuletea picha hiyo muulize: kiungo cha ukurasa wenyewe kiko wapi? Aliiona kwa macho yake au naye aliletewa? Kama liliandikwa hadharani, jaribu Wayback Machine, inayohifadhi nakala za kurasa za intaneti, ingawa si kila ukurasa umo. Wakati mwingine picha hujisuta yenyewe: hadi mwaka 2017 ujumbe wa Twitter haukuzidi herufi 140, kwa hiyo ukiona mmoja wa mwaka 2014 wenye herufi zaidi ya hizo, utilie shaka. Lakini usidhani picha isiyo na kasoro ndiyo ya kweli. Aliyefanya kazi yake vizuri haachi alama.

Wala usiniambie lisemwalo lipo. Yule binti ana mama yake pia, na huenda sasa hivi anaulizwa maswali asiyoyajua. Mpigie. Usimwandikie, mpigie usikie sauti yake. Akikiri, basi utakuwa umesikia kwake mwenyewe, na hapo ukikasirika sitakuzuia. Akikana, ifute ile picha na uwaambie wote uliowatumia, kwenye kundi lile lile, si kwa kunong'ona.

Huko uendako watu hawakujui bado. Ikitengenezwa yako, nani atakayesema huyu hazungumzi hivi?

Vyeti vyako nimevitia kwenye bahasha ya kahawia, nimepiga nakala na nimebaki nazo. Baba yako anataka uchukue sanduku kubwa. Mimi naona dogo linakutosha, mkubaliane wenyewe. Fundi wa bomba hajarudi, tunakinga maji kwa ndoo. Dada yako anauliza kama unamwachia meza yako ya kusomea, kwa sababu ameshaanza kupanga vitabu juu yake.

Ukishaongea na rafiki yako nijulishe, hata ikiwa usiku sana.

Mama yako