Nyambizi ya Hunley Haikuwa Boila Kuukuu

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala yenu kuhusu nyambizi za mwanzo, na ninaomba nafasi ya kusahihisha jambo moja, kwa kuwa ukurasa ule husomwa sana na wanafunzi. Mwandishi alieleza kwamba H. L. Hunley, iliyoundwa mjini Mobile mwaka 1863 wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, ilikuwa boila kuukuu lililoungwaungwa, na kwamba walioingia ndani yake walijitafutia kifo.

Habari hiyo iliaminiwa kwa zaidi ya karne, lakini chombo chenyewe kiliisuta kilipoopolewa karibu na Charleston tarehe 8 Agosti 2000. Mimi ni fundi wa vyuma, na picha zake nilizitazama kwa muda mrefu: ribiti, yaani misumari ya kuungia mabamba, zimegongwa zikalala sawasawa na bamba ili zisizuie maji, na ncha zote mbili zimechongoka kama za samaki. Ndani, wanaume saba walizungusha kwa mikono chuma kirefu kilichopindwapindwa, ambacho kiliendesha rafadha, yaani pangaboi la kusukuma chombo majini, kupitia gia na gurudumu zito la kutunza mwendo, huku kamanda akishika usukani mbele na mshumaa ukiwaonya hewa inapopungua. Tena, waundaji wa Hunley walikuwa wamekwisha kujaribu injini ya umeme katika nyambizi iliyotangulia, wakaiacha kwa kukosa nguvu ya kutosha. Hiyo si kazi ya kubahatisha.

Hatari ilikuwepo, sikatai. Ajali za Agosti na Oktoba 1863 ziliua watu 13, akiwemo Horace Hunley mwenyewe, ambaye nyambizi ilipewa jina lake. Wengine wanane hawakurudi usiku wa tarehe 17 Februari 1864, baada ya kuizamisha manowari Housatonic kwa baruti iliyofungwa kwenye ncha ya nguzo ndefu. Ndiyo manowari ya kwanza kuzamishwa na nyambizi vitani. Upande waliopigania, yaani majimbo ya Kusini yaliyojitenga, ulitaka utumwa uendelee, nami siutetei hata kidogo. Hata hivyo, mifupa yao ilikutwa kila mmoja karibu na mahali pake pa kazi, bila dalili kwamba waligombania mlango, na ndiyo maana naona si haki kuwaita watu waliojitupa ndani ya pipa.

Naomba sahihisho lichapishwe kwenye ukurasa uleule.

Wako,
Fundi wa vyuma,
Tanga