Wauzaji, acheni kuwaambia watoto wavute umeme kwenye seli moja ya betri

Mhariri, naomba nafasi niongee na wauzaji wa vifaa vya elektroniki hapa Dar, na wazazi pia, maana hili jambo limenikaa kooni.

Mpwa wangu ana miaka 14, ana gari la rimoti kaliunda mwenyewe, bodi kakata kwenye ndoo ya plastiki, mota na spidi kontrola (kile kifaa cha kuongoza kasi ya mota) kanunua kwa kudunduliza. Betri ni lipo, yaani lithiamu polima, ya seli tatu, ikijaa inasoma volti 12.6. Akataka taa za mbele na kamera ndogo, akaenda dukani kuuliza, akaambiwa we vuta umeme kwenye kile kisoketi cheupe cha waya nyembamba, kile cha kukagua seli mojamoja za betri, chukua seli moja tu utapata 3.7 inatosha. Akafanya, na kweli ikawaka. Ndo ubaya wake, inawaka.

Kumbe ile seli moja inanyonywa na kamera kila siku halafu na mota pia, wenzake wawili wanafanya kazi ya mota tu. Chaja yake ni ya waya mbili, haikagui seli mojamoja, ikiona jumla 12.6 inasema imejaa. Piga hesabu hapo: seli iliyochoka ikifika 3.6, hizo mbili zimeshasukumwa mpaka 4.5 kila moja, na mwisho wa lipo ya kawaida ni 4.2! Niliikuta betri iko juu ya godoro imevimba kama andazi, haishikiki kwa moto, nikachomoa chaja nikaizoa kwa koleo mbio mpaka uani nikaifukia na mchanga. Mtoto alikuwa kalala pembeni yake.

Na dawa yake ipo madukani humohumo, kile kisaketi cha kushusha volti, bei yake haizidi sana sahani ya chipsi kuku. Unakiunga kwenye nyaya kubwa za betri ili seli zote zichangie sawa, ukiweka fyuzi ya ampea 1 kwenye waya mwekundu unaokwenda kwenye kisaketi, karibu na betri, halafu kabla hujagusa kamera unaweka mita upande wa kutokea, unazungusha kile kiskrubu kidogo mpaka isome 5. Unaweza kuzungusha raundi hata kumi namba haijashuka, usidhani kibovu, endelea tu. Wengine wanaweka 7805, kichipu kingine cha kushusha volti, sawa inatoa 5 ila volti zote zinazobaki inazigeuza joto, kwa seli tatu ukivuta nusu ampea ni karibu wati 4 ndani ya bodi ya plastiki, mi siishauri.

Kama risiva, kile kipokezi cha rimoti ndani ya gari, nayo unailisha kwa kisaketi hicho cha kushusha volti, chomoa waya mwekundu kwenye plagi ya spidi kontrola inayoingia risiva, maana nyingi zinatoa 5 au 6 zenyewe na vyanzo viwili vikikutana vinagombana.

Wauzaji naomba sana, mtoto akija na swali hilo muulizeni kwanza betri ina seli ngapi na chaja yake ikoje, dakika moja haipotezi biashara. Wazazi, lipo ichajiwe sakafuni kwenye marumaru au simenti, mtu mzima akiwa macho, ikivimba isichajiwe tena hata kama gari bado linakimbia.

Mjomba, Tandika, Dar es Salaam