Daftari la elfu tatu na kodi ya laki mbili na nusu

Ndugu Mhariri,

Nina steshenari karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa Morogoro. Nauza madaftari na kalamu, natoa fotokopi, na watu huniletea fomu niwajazie. Kila mwaka, Januari hadi mwisho wa Machi, wananijia watu waliotoka kukadiriwa kodi, karatasi mkononi, wanataka nakala. Mwaka juzi aliingia jirani yangu, mama anayeuza mitumba ya watoto, akaiweka karatasi yake juu ya mashine bila kusema neno. Mauzo ya mwaka: milioni nane. Kodi: shilingi 250,000. Akaniuliza kama ni sawa. Nikamwuliza, "Mama, una daftari la mauzo?" Akagusa paji la uso: yote yamo humu.

Mhariri, hesabu ile haikuwa na kosa. Ndivyo sheria inavyosema kwa mtu asiye na kumbukumbu. Ila sheria hiyohiyo, kwa mauzo yaleyale ya milioni nane, ingemtoza shilingi 120,000 kama angekuwa na kumbukumbu zinazokubalika. Tofauti ni shilingi 130,000, karibu sare na vifaa vya mtoto wake wa sekondari. Na daftari la kumwokolea fedha hizo lilikuwa kwenye rafu yangu, kaunta buku ya shilingi elfu tatu, hatua kumi kutoka kwenye meza yake. Sikuwahi kumwambia. Tangu siku hiyo namwambia kila anayeingia, na leo naomba kurasa zako zinisaidie kuwaambia wale nisioweza kuwafikia.

Viwango vyenyewe vimekuwepo tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, na si siri. Mfanyabiashara mmoja mmoja ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 halipi kodi ya mapato. Hao ndio waliolengwa na vile vitambulisho vya shilingi 20,000 vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018. Akivuka milioni 4 lakini asizidi milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000 moja kwa moja, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu. Maana yake, aliyeuza milioni 5 analipa 30,000 badala ya laki nzima. Kutoka milioni 7 hadi 11, asiye na kumbukumbu ni 250,000. Mwenye nazo ni 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Rudia hesabu ya yule mama utaipata: 90,000, jumlisha 30,000.

Watu wengi wanakosea hapa kwa sababu hawajui mauzo yao ni kiasi gani. Ukimwuliza muuza genge, atakutajia alichobaki nacho mfukoni jioni. Hiyo ni faida, tena mara nyingi ni faida iliyokwisha kutolewa nauli na unga wa nyumbani. Kodi ya makadirio inatazama mauzo, yaani fedha yote iliyoingia kabla hujatoa chochote. Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Mtu anayefungua siku sita kwa wiki anafanya kazi kama siku 312 kwa mwaka. Akiuza 13,000 kwa siku amekwisha vuka milioni 4. Akiuza 36,000 kwa siku amevuka milioni 11, na hapo anatakiwa kuwa na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kielektroniki. Mama ntilie mwenye masufuria mawili anafika huko bila kujitambua. Wengi wanaojiona "wadogo sana kwa kodi" hawajawahi kuzidisha mauzo ya siku moja kwa siku za mwaka, na wengine wanaotozwa kodi ya mauzo ya milioni 8 hawauzi hata milioni 6, ila hawana cha kuonyesha. Mbele ya afisa wa kodi, neno la mdomo halina uzito wa karatasi, na mimi siwezi kumlaumu afisa kwa hilo. Yeye naye anaulizwa na mkubwa wake.

Daftari lenyewe linaandikwaje? Nimewachorea watu zaidi ya mia kwa rula. Tarehe, ulichouza, kiasi, kila siku kabla hujafunga. Ukurasa wa upande wa pili, manunuzi ya bidhaa na matumizi ya biashara: pango, umeme, usafiri wa mzigo, ushuru wa soko. Fedha unayochukua kwa ajili ya nyumbani iandike mahali pake peke yake, isichanganyike na matumizi ya biashara. Andika kwa Kiswahili bila wasiwasi, ni lugha inayokubalika kwa kumbukumbu za kodi. Usikose siku. Daftari lililojazwa lote usiku mmoja mwezi wa tatu, kalamu moja, mwandiko uleule na namba zote zikiishia na sifuri, hata mimi nalitambua, sembuse mtu ambaye ndiyo kazi yake.

Kisha risiti. Hizi risiti za mashine zinachapwa kwa joto, na wino wake unapotea. Nimeletewa bahasha nzima ya risiti za mwaka mmoja na nusu zilizobaki karatasi nyeupe. Mwenyewe analia, na mimi sina la kumsaidia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Kwa hiyo piga picha kwa simu jioni ileile, au toa fotokopi ukaibandike daftarini. Usiziache kwenye dashibodi ya bajaji wala juu ya friji.

Kuna kundi jingine ambalo linaumia kwa namna tofauti, nalo ni la wenye mzunguko mkubwa na faida ndogo: wauzaji wa soda kwa jumla, wa sukari, wa vocha. Mtu wa soda anaweza kuuza milioni 60 kwa mwaka na kubakiwa na milioni 6. Kwa ngazi yake ya mauzo makadirio ni asilimia 3.5 ya mauzo yote, hivyo kodi yake inafika milioni mbili na zaidi kidogo, yaani theluthi ya faida yake. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mtu binafsi kuchagua kutotumia makadirio na kuwasilisha hesabu zake, atozwe kwa faida. Kwa viwango vya mtu binafsi, shilingi 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi, na zinazofuata hadi 6,240,000 zinatozwa asilimia 8. Faida yake ya milioni 6 inatozwa shilingi 220,800. Soma tena tofauti hiyo, Mhariri. Simwambii kila mtu akimbilie huko, maana hesabu hizo lazima ziwe za kweli na kamili, na kuna gharama ya mhasibu. Kwa kazi hiyo tafuta mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu, mweleze biashara yako yote, akupigie hesabu za njia zote mbili kabla hujaamua. Lakini uamuzi huo uufanye ukijua kwamba upo. Wengi niliokutana nao hawakuwahi kusikia.

Pango la fremu nalo limewaangusha wengi. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) kama kodi ya zuio. Fremu ya 150,000 kwa mwezi: 135,000 ya mwenye nyumba, 15,000 ya serikali, na mwenye nyumba apewe uthibitisho wa kilichokatwa, maana hiyo ni kodi yake yeye. Wenye nyumba wengi hawataki kusikia. Wanasema "mimi nataka yangu kamili", mpangaji anakubali kwa kuogopa kuikosa fremu, na deni likija linakuja kwa jina la mpangaji. Ongea kabla ya kusaini. Iandikwe kwenye mkataba kwamba asilimia 10 inatoka ndani ya pango.

Kijana mmoja alikuwa na kibanda cha chipsi, kikamshinda, akafunga na kwenda Dodoma kutafuta kazi. Alirudi baada ya miaka mitatu kufungua duka la simu, akahitaji uthibitisho wa kodi kwa ajili ya leseni, akakuta makadirio ya miaka yote mitatu yanamsubiri. Hakuna aliyejua kwamba kibanda kimefungwa, kwa sababu hakuwaandikia TRA barua. Ukifunga biashara, andika, peleka, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukurasa mmoja tu unatosha.

Na ukikadiriwa kiasi unachoamini si sahihi, usinung'unike nje ya geti. Una siku 30 tangu ulipopewa uamuzi kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu, ukieleza sababu na kuambatisha ushahidi. Pingamizi linaambatana na kulipa theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au kile kiasi usichokipinga, kutegemea kipi ni kikubwa. Kama huna, unaweza kumwomba apunguze au asamehe malipo hayo ukitoa sababu. Usiporidhika na uamuzi wake, ipo Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake Baraza la Rufani za Kodi. Siku 30 zinakwisha upesi kuliko mtu anavyodhani. Wateja wangu wengi huja siku ya arobaini.

Nimalizie na vishoka, wale matapeli wanaojifanya mawakala wa kodi, kwa sababu jambo hili linaniuma. Baba mmoja muuza mbao alimkabidhi kijana fulani shilingi 180,000 mkononi, eti "anajuana na watu wa ndani". Akapewa karatasi yenye nembo na muhuri. Alipokuja kwangu kutoa nakala, niliitazama na kuona haina namba ya kumbukumbu ya malipo. Fedha ilikuwa imekwenda, na kodi bado ilikuwa palepale. Kodi ya serikali inalipwa kwa namba hiyo, benki au kwa simu, na namba ya mlipakodi (TIN) inatolewa bure. Mtu anayenilipa mimi analipia karatasi na muda wangu wa kumjazia fomu, si kodi, na huwa nawaambia hivyo kabla hawajafungua pochi.

Najua malalamiko ya wafanyabiashara juu ya kodi ni makubwa kuliko daftari. Tuliona Kariakoo ikifungwa Mei 2023 na tena Juni 2024, na waliofunga maduka walikuwa na hoja zao ambazo sitazigusa hapa. Lakini yule mama wa mitumba hakuhitaji kusubiri tume wala mgomo ili alipe 120,000. Alihitaji kuambiwa. Sheria zetu za kodi zinabadilika kila Julai, Bunge likishapitisha Sheria ya Fedha, na anayekaa mezani sokoni hupata habari zake kwa uvumi, zikiwa zimepinda.

Ombi langu kwako ni dogo. Kila mwaka sheria mpya ikianza kutumika, na tena wiki ya kwanza ya Januari, chapisha jedwali la viwango vya kodi ya makadirio, kwa Kiswahili, herufi kubwa, safu moja ya mwenye kumbukumbu na safu moja ya asiye nazo, pamoja na tarehe nne za kulipa kwa awamu: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Liwe ukurasa mmoja unaoweza kukatwa na kubandikwa ukutani. Viongozi wa masoko nao walisome kwenye mikutano yao, pale wanaposoma michango ya misiba na usafi.

Ukilichapisha, mimi nitalitolea fotokopi bure kwa kila mwenye meza katika soko letu. Jirani yangu yule sasa ana daftari. Yuko kwenye la pili.

Mwenye steshenari,
Morogoro